Macho ya Upande wa Baba

Nilipozaliwa niliwakataa watu wa baba wote. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Wanawake wazee waliketi kuzunguka kitanda cha mama wakaanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine, wakingoja nipige chafya. Kwetu, mtoto akipiga chafya jina likitajwa, basi aliyetajwa ndiye aliyerudi. Walianza na upande wa baba. Wakataja wanaume, wakataja wanawake, nikawatazama tu. Mmoja akanisogezea ugoro puani ili anisaidie, nikanyamaza vilevile. Walipochoka wakavuka upande wa mama, na kwa jina la kwanza tu, la nyanya aliyemzaa mama, nikapiga chafya iliyowafanya wacheke wote. Nadhani ni ule ugoro uliochelewa kufanya kazi, lakini hilo nimelifikiria nikiwa mtu mzima.

Nyanya huyo alikuwa mwanamke mkubwa. Walisema akikalia kigoda, kigoda hakionekani, na kwamba mpaka uzeeni alitunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto. Mimi nami nikanenepa mapema, mashavu kama nimeficha viazi, na kila aliyeingia nyumbani alisema yule mama amerudi na mwili wake wote. Wakaniita Kogo, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Mdogo wangu alikua akiniita hivyo hata kabla hajalijua jina langu la kanisani.

Mdogo wangu naye alipiga chafya mara tu walipoanza, bila ugoro, kwa jina la mama yake baba. Chumba kilinyamaza kidogo, mama alituambia baadaye. Nyanya huyo wa pili alikuwa mwembamba wa kuonekana mifupa, na miaka yake ya mwisho alitembea akifuata fimbo iliyoshikwa na mtoto upande wa mbele. Alikuwa kipofu. Na mdogo wangu, kana kwamba anataka kuwathibitishia, akakua mwembamba hivyohivyo, shingo ndefu, miguu kama ya korongo.

Tulipokuwa shule ya msingi, baba akaanza kugonga miimo ya milango. Alikuwa mzee wa kanisa asiyejua ladha ya pombe, lakini majirani walianza kunong'ona kwamba anakunywa kwa siri, kwa sababu aliwapita watu njiani bila kuwasalimia na alikanyaga kuku. Alikuwa akiona mbele vizuri sana. Aliweza kusoma Biblia. Ni pembeni ndiko kulikokuwa kumezimika, na hakuna aliyejua kwamba jicho linaweza kuzimika kutoka pembeni. Alipofikishwa hospitalini, daktari alisema ni glakoma, ile ambayo watu huita presha ya macho, kwamba imekula mshipa unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, na kwamba kilicholiwa hakirudi. Akasema pia ugonjwa huo hupita kwenye damu, watoto waangaliwe mapema.

Baba na mama walirudi nyumbani wakasema mtoto aangaliwe. Sijui wingi ule ulipotelea wapi njiani. Nadhani haukupotea, ila wao walipokuwa wakisikia neno watoto, walikuwa wakimwona mmoja tu, yule aliyemrudisha nyanya kipofu. Mimi nilikuwa wa upande wa mama. Jambo lilikuwa limeamuliwa tangu nilipopiga chafya, na hakuna aliyenificha wala kunionea. Walifurahi kwamba angalau mmoja amepona.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa inamlinda mdogo wangu. Waliona kwamba nyanya mwembamba alipofuka na nyanya mnene hakupofuka, wakaamua dawa ni mwili. Mursik ya kwanza kumiminwa kutoka kwenye kibuyu, yale maziwa yetu ya kugandisha, ile nzito yenye rangi ya jivu, ilikuwa yake. Samli yake, mayai yake, malai yake. Alikunywa akilia, na alibaki mwembamba vilevile, nami nilikaa pembeni nikimeza mate. Nikinyoosha mkono, wageni waliambiwa kwa utani kwamba huyu tayari ameshiba tangu maisha ya kwanza. Nilicheka pamoja nao. Mtoto mnene hujifunza kucheka mapema.

Walimkataza kusoma kwa taa ya mafuta. Alitaka sana kuwa fundi wa nguo, alikuwa na mkono mzuri, lakini mama alisema sindano itamaliza hayo macho kabla ya wakati, akamnyang'anya vitambaa. Hakuendelea sana na shule. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu. Na jioni kukianza kuingia giza, kazi yangu ilikuwa kumshika mkono. Nilimshika kwa mkono wangu wa kulia, yeye upande ule, mimi nikitembea kama askari. Aliona vizuri kuliko mimi, lakini wote wawili tuliamini kwamba ninamwongoza.

Tukawa watu wazima hivyo. Yeye aliolewa na mkulima wa mahindi kule Moi's Bridge. Mimi nilifundisha Eldoret, nikaolewa na mwalimu mwenzangu, tukapata watoto wawili. Kila mwaka mdogo wangu alikuja kulala kwangu, na kesho yake nilimpeleka kliniki ya macho katika hospitali ya misheni kule Plateau. Yeye aliingia kwa daktari, mimi niliketi kwenye benchi nikashika mkoba wake. Kila mwaka walimwambia macho ni masafi, arudi mwaka ujao. Tulikuwa tunarudi tukinunua mihogo ya kuchoma barabarani na kucheka njia nzima. Sitasema uongo, niliupenda ugonjwa ule ambao hakuwa nao, kwa sababu ndio uliomleta kwangu.

Kisha mume wangu akafariki, nikastaafu, na watoto wakaenda. Binti yuko nje ya nchi, anafanya kazi za ndani kwenye nchi za Waarabu. Kijana yuko Mombasa na ana familia. Wanapiga simu, siwezi kulalamika. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kusonga ugali wa mtu mmoja. Sufuria zangu zote zilikuwa za kulisha watu. Nilijaribu, ugali ukabaki, nikaula kesho yake, ukabaki tena, mwishowe nikaacha kupika nikawa nakunywa chai na mkate nikiwa nimesimama kando ya jiko, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kuliniumiza. Redio niliiacha ikisema asubuhi mpaka jioni. Wakati mwingine niliijibu.

Mwili wangu ukaanza kuondoka. Sikuupunguza kwa makusudi kama wale akina mama wanaokimbia asubuhi kwenye barabara za mji huu wakiwa na viatu vya rangi. Uliondoka tu. Sketi zikazunguka kiunoni, pete ikaanguka kwenye karai la vyombo. Kanisani walionipenda walininyamazia, na wasionipenda waliniuliza kwa sauti kama nimepimwa. Mdogo wangu alipokuja mwaka ule akasimama mlangoni na mzigo wake wa mahindi mabichi, akanitazama juu mpaka chini, akaanza kulia.

"Kogo anaenda," alisema.

Hakusema naenda, alisema Kogo anaenda, kana kwamba yule bibi mnene alikuwa mpangaji ndani yangu na sasa anafunga virago. Nilimkemea, nikamwambia aweke mahindi chini, maji yanachemka. Lakini maneno yale yaliniingia. Nilijiuliza kama mwili ukiisha, mimi nitakayebaki ni nani, na kama kuna mtu atakayemtambua.

Kesho yake tukaenda Plateau kama kawaida. Daktari alikuwa mpya, dada mdogo kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya chini. Alimpima mdogo wangu akamwambia macho ni masafi. Kisha akaniita niingie nisikie maelezo, na mimi nikiingia nikagonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto. Nikaomba radhi kwa mlango. Nilikuwa nimezoea kuomba radhi kwa vitu wakati ule, nilidhani ni huzuni.

Daktari akanitazama kidogo. Akauliza mimi hupimwa wapi. Nikamwambia mimi sihitaji, mimi ni wa upande wa mama. Hakuelewa, basi nikamweleza, taratibu na kwa uhakika, kama nilivyokuwa nikieleza ubaoni kwa miaka yote ile: nani alipiga chafya kwa jina la nani, nani alikuwa mwembamba na nani mnene, na jinsi macho ya baba yalivyomwendea mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho na hakucheka, namshukuru kwa hilo mpaka leo.

"Mama," akasema, "baba yenu si ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Basi kaa hapa, nikuangalie."

Waliniweka kidevu kwenye mashine, wakafunika jicho moja, wakanipa kitufe. Nitazame katikati, na kila nikiona nukta ya mwanga pembeni nibonyeze. Jicho la kulia lilienda vizuri. La kushoto, nukta zilikuja kidogo kisha zikaacha, nikakaa nikingoja, mikono kwenye kitufe, nikidhani mashine imepumzika. Nilingoja muda mrefu kwa subira ya mwalimu. Baadaye nikauliza kama umeme umepotea. Yule aliyekuwa akiendesha mashine alisema kwa upole kwamba umeme upo, tumemaliza.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenda kununua soda. Daktari aliniambia tukiwa wawili. Jicho la kushoto lilikuwa limeliwa sana, la kulia lilikuwa limeanza. Kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yote, nisikose.

Nilimuuliza kuhusu mwili. Nilimuuliza kama ni kwa sababu nimekonda, kama ningekula vizuri baada ya kumzika mume wangu macho yangeokoka. Alivuta kiti karibu. Alisema wapo wataalamu wanaoona kwamba kwa watu wenye ugonjwa huu kwenye damu, wembamba huenda ukaongeza hatari kidogo, na wapo wasioona hivyo, na hawezi kunidanganya kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Lakini kunenepa si kinga, alisema, na unene ukizidi una maradhi yake. Kisha akasema jambo jingine. Uharibifu aliouona ulikuwa wa miaka mingi. Ulianza nikiwa bado mnene, nikiwa na mume, nikiwa napika sufuria kubwa.

Akaniuliza nyumbani niko na nani, maana matone ni magumu kujiwekea, afadhali mtu akusaidie.

"Tuko wengi," nikasema.

Sijui ni kitu gani kilinisemesha. Labda ni aibu ya mtu aliyewahi kuwa na wengi kweli.

Mdogo wangu alirudi na soda mbili. Alikuwa na furaha ya kuambiwa yuko salama, furaha anayokuwa nayo kila mwaka kama ni mara ya kwanza, akaniuliza mimi nimeambiwa nini. Nikamwambia ni macho makavu, nimepewa dawa. Niliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya fundi wa nguo iliyotumika kupukuchua mahindi. Ningemwambiaje? Ningemwambia kwamba vitambaa alinyang'anywa bure, kwamba woga alioubeba tangu utotoni ulikuwa umekosea mtu? Tulirudi tukila mihogo. Nilicheka alipocheka. Ile njia ilikuwa ndefu.

Basi nikaanza kuishi na kichupa. Jioni nililala chali kitandani, nikafungua jicho kwa vidole viwili, nikaminya kwa mkono mwingine. Tone lilianguka shavuni. Nikaminya tena, likaenda kwenye nyusi. La tatu lilipokaribia, jicho likajifunga lenyewe kama mlango wa duka. Mto wangu ulikuwa ukilowa kila jioni, na mtu angedhani ninalia. Siku nyingine nilikuwa ninalia kweli, ili nisiwe nimelowa bure. Kichupa kilikwisha mapema, nami nikajiambia angalau kidogo kimeingia.

Niliporudi kliniki, presha ya macho ilikuwa haijashuka. Daktari aliuliza kama ninaweka dawa. Nikasema naweka. Akaniambia niweke pale mbele yake, akatazama tone likishuka mpaka kidevuni. Akachukua karatasi laini akanipangusa kama mtoto.

"Mama, hao wengi wako wapi?"

Nikafunga kichupa changu. Alisema, bila ukali, kwamba tukiendelea hivi jicho la kushoto litafunga kabisa na la kulia litalifuata, na kwamba lazima kuna mtu mmoja duniani ambaye ninaweza kumwambia. Nilitoka nikiwa na hasira naye. Nilikasirika mpaka nilipofika nyumbani, nikafungua mlango, redio ikanikaribisha. Hapo hasira ikaisha nikabaki na woga tu. Nilimkumbuka baba akipapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Lakini baba alikuwa na sisi wa kumwambia hapo kuna ngazi. Mimi nitaambiwa na nani, mtangazaji?

Nikaenda Moi's Bridge. Ulikuwa wakati wa mavuno, mahindi yametandazwa juani kwenye maturubai kote uani, magunia yamepangwa ukutani. Nilikaa kutwa nzima nikipukuchua pamoja na watu wa nyumba yake na sikusema kilichonileta. Mdogo wangu aliniletea ugali na kuku, akakaa akinisimamia nile, kama walivyokuwa wakimsimamia yeye zamani. Nilikula chote kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu kulikuwa na watu mezani.

Jua likianza kushuka akanisindikiza kwenda barabarani. Akanipa mkono kama siku zote, upande wangu wa kulia. Tukapita kati ya magunia. Nilipiga la kwanza kwa nyonga ya kushoto, nikaomba radhi. Hatua chache mbele nikakanyaga beseni lililokuwa pembeni kushoto, mahindi yakamwagika. Kuku mmoja alikuja mbio kuyala, naye sikumwona mpaka aliporuka akipiga kelele miguuni pangu.

Mdogo wangu alisimama. Hakunitazama mimi, alimtazama yule kuku. Najua alichokuwa akikiona, maana nami nilikiona: baba uani kwetu, na majirani wakisema amekunywa.

Akaachia mkono wangu. Akanizunguka kwa nyuma, akaja upande wa kushoto, akaushika mkono ule mwingine. Tukatembea hivyo mpaka kwenye lango. Pale langoni akasema, "Ni wewe."

Nikasema ni mimi. Nikamwambia yote, mashine, nukta, mto unaolowa. Nilimwambia kwamba macho yake yalikuwa masafi tangu mwanzo na huenda yatabaki hivyo, ingawa aendelee kupimwa, na kwamba nilishindwa kumwambia kwa sababu ya vile vitambaa. Nilitegemea atakasirika. Angekuwa na haki. Badala yake alichora chini kwa kiatu, halafu midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani ni kilio.

"Kumbe ile mursik yote ilikuwa yako," akasema.

Tulicheka mpaka tukashika lango. Kisha akalia, nami nikalia, na sikuondoka jioni ile. Alinilaza kwenye benchi la jikoni, kichwa changu juu ya mapaja yake, akafungua jicho kwa vidole vyake vigumu, akaniambia tazama juu. Tone likaingia. Lilikuwa baridi. Miezi yote ile sikuwa nimejua kwamba dawa ile ni baridi.

Nilikaa kwake wiki ile, kisha nikarudi, kwa sababu nyumba yangu iko Eldoret, naye ana shamba, mume na ng'ombe. Nimemwandikia kijana wangu na binti yangu kwamba wakapimwe macho, wote wawili, bila kujali nani alipiga chafya kwa jina la nani. Kijana amejibu ataenda. Binti bado. Mwili wangu umerudi kidogo. Nimenunua sufuria ndogo.

Na kila jioni mdogo wangu anapiga simu. Naiweka kifuani ikiwa na sauti ya juu, nalala chali, namsikia ng'ombe wake akilia huko nyuma na yeye akinielekeza: shika kope, tazama juu, usiogope, minya. Mkono wangu umejifunza. Presha imeshuka, daktari ameridhika. Siku nyingi tone linaingia mara ya kwanza, nalisikia baridi yake ikienea ndani, ninabaki nimefumba macho nikiusikiliza ule ua wake wa mbali.

"Imeingia?" ananiuliza.

Imeshaingia. Namwambia bado.